Mama Wivine Mujinga, Aliyetafuta Wateja Ndola Akawakuta Kamalondo

Leo, tarehe 30 Juni 2023, Mama Wivine Mujinga atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita ya kukadiria nani atanunua sabuni yetu, wapi, na kwa fedha gani. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa mvi. Anastaafu akiwa na afya njema, akili timamu na ulimi ule ule.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Paulin wa utawala, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa sababu nilikuwa mpiga chapa wa ofisi yake tangu enzi zile alipokuwa bado anakuja kazini na viatu virefu. Kamati imeniomba pia niandike Kiswahili cha kitabu, siyo kile cha mtaani kwetu Kamalondo. Nitajitahidi. Ila watu waliomo humu watasema kama walivyosema, maana wengine wao wako ukumbini na hawatakubali niwapambe.

Mama Wivine alizaliwa Kamina, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa fundi wa breki, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na aliwafundisha watoto kwamba treni huchelewa lakini Mungu hachelewi. Alisomea uchumi chuo kikuu hapa Lubumbashi. Alipoajiriwa SANAVI mwaka 1987, kiwanda chetu cha sabuni pale Naviundu kilikuwa bado na mashine zote, mawese yalifika kwa treni kutoka kaskazini, na mkurugenzi wetu, Bwana Rigobert, alikuwa ameanza kulipenda sana neno "utabiri". Akampa meza, kikokotoo cha umeme, na dirisha linalotazama bomba la moshi. Kazi ilikuwa moja tu: kusema, kila robo ya mwaka, Wazambia watataka katoni ngapi za sabuni yetu.

Kwa faida ya vijana, nieleze kazi hiyo hufanywaje. Unachukua bei ya sabuni, unaangalia mnunuzi ana uwezo gani, unalinganisha fedha yako na fedha yake, unatengeneza mlinganyo, na mlinganyo unakupa jibu. Mama Wivine alifanya hivyo, na alifanya vizuri. Shida ni kwamba mlinganyo unahitaji bei itulie kidogo ili ipimwe, nazo bei zetu, kuanzia mwaka 1991, hazikuwa na muda wa kutulia.

Wale waliokuwepo wanakumbuka. Mwaka ule maduka yaliporwa mpaka milango, na nchi ikaingia katika kipindi kilichoitwa Transition, yaani tulikuwa tunatoka mahali fulani kwenda mahali fulani, ingawa hakuna aliyepewa anwani. Kila mtu Lubumbashi alikuwa milionea, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kununua nyanya. Karani wa bei aliacha kuandika kwa wino akahamia kwenye chaki, kisha akaomba sifongo la pili. Treni ya mawese ikaanza kuja kwa hisani yake yenyewe. Halafu ukafika ule wakati ambapo familia nyingi zilizoambiwa kwamba si za mkoa huu, wenzetu wa kazi wakiwamo, walipanda treni na mabegi yao na hawakurudi. Hilo silitanii. Mashine zao zilikaa kimya muda mrefu, na sisi tuliobaki tulipita mbele yazo bila kuziangalia.

Katika hali hiyo, Bwana Rigobert aliendelea kutaka utabiri kila robo ya mwaka, tena kwa nakala tatu.

Mama Wivine hakulalamika. Aliona kwamba zaire, fedha yetu ya wakati ule, haipimi tena kitu, basi akatafuta kitu kingine cha kupimia. Akachagua meka, lile bakuli la bati ambalo mama zetu hupimia unga wa bukari, yaani ugali, sokoni. Bei ya sabuni akaiandika kwa meka za unga. Mshahara wake akauandika kwa meka za unga, akautazama, akaufuta. Umeme ulipokatika alizungusha kikokotoo cha mkono kilichoachwa na mzungu mmoja wa zamani. Kilipiga kelele kama kinasaga mawe, na wageni waliokuja ofisini waliuliza kama na sisi tumeanza kuchimba madini.

Lakini kitu kimoja hakuweza kukipata, nacho ni kwenda kuwaona hao Wazambia. Aliomba safari ya kazi hadi Ndola mara kadhaa. Ombi lilipita kwa mkuu wa kitengo, kwa mhasibu, kwa mkurugenzi, likarudi na sahihi zote. Mara ya kwanza, posho ilipotoka ilikuwa inatosha kufika Kasumbalesa tu, mpakani. Mara ya pili ilitosha kutoka mjini. Mara ya tatu ilitosha kufika getini, na mlinzi wa geti akamwambia asisumbuke, atamsalimia yeye.

Kwa hiyo akakadiria kutoka mezani. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kwenda vizuri, jambo ambalo peke yake lilipaswa kututia wasiwasi.

Kiwanda kilikuwa na sabuni mbili. Nisahihishe: kiwanda kilikuwa na sabuni moja, iliyopikwa katika pipa moja, ikakatwa kwa waya mmoja, halafu ikaingia katika katoni mbili tofauti. Katoni ya kahawia isiyo na maandishi ilikuwa ya soko la ndani. Katoni nyeupe yenye maneno "Qualité Export", yaani ubora wa kuuza nje, kwa wino wa buluu ilikuwa ya Zambia. Ya Zambia ilisamehewa kodi fulani, na kwa sababu hiyo ilikuwa marufuku kuuzwa nchini, hata kwa wafanyakazi. Mfanyabiashara aliyeichukua alipaswa kurudisha karatasi zenye mihuri ya mpakani, la sivyo hapewi tena.

Mchukuaji wetu mkubwa alikuwa Muhindo Jérémie, mtu wa Butembo, mwenye malori mawili na Biblia moja, mtu asiyekunywa, asiyevuta sigara na asiyepunguza bei. Malori yake yalikwenda Zambia na sabuni, yakarudi na unga. Mihuri aliirudisha yote, imenyooka.

Na mihuri iliongezeka. Kila zaire ilipoporomoka, Muhindo alitaka katoni nyingi zaidi. Mama Wivine alichora mstari, na ule mstari ulikuwa mzuri ajabu. Maelezo yake yalikuwa yale yale ya vitabu vyote: fedha yetu ikishuka, sabuni yetu inakuwa rahisi kwa Mzambia, naye Mzambia ananunua zaidi. Zaire ilishuka, katoni zikapanda. Alitabiri robo moja, ikatimia. Akatabiri ya pili, ikatimia. Katika nchi ambayo hakuna aliyejua kesho mkate utauzwaje, Mama Wivine alijua Ndola itafua nguo kiasi gani mwezi wa nane.

Bwana Rigobert alifurahi sana. Mapema mwaka 1993 alimpandisha cheo kuwa mkuu wa Idara ya Mauzo ya Nje, na cheo hicho kilikuja na nyumba ya kampuni, yenye bomba la maji ndani na ua mpana. Kabla ya hapo Mama Wivine na mumewe Alphonse walikuwa wanaishi na watoto wao wanne katika vyumba viwili vya kupanga, na mtoto mdogo alilala kwenye sanduku la nguo, likiwa wazi bila shaka. Alphonse alikuwa mwalimu, kwa hiyo mshahara wake ulikuwa hadithi ya kusimulia watoto. Siku walipohamia, alizunguka ule ua, kisha akaenda kuazima jembe akapanda lengalenga, mchicha wa huku kwetu.

Ikafika Septemba. Baraza la kiwanda, likiwa na ule mstari mzuri mkononi, likafikia wazo ambalo lilionekana la busara. Soko la ndani lilikuwa linakufa, sabuni ya kahawia ilikuwa haiendi. Soko la nje lilikuwa linapaa. Basi atelye ya ndani, ile karakana ya katoni za kahawia, ifungwe, sabuni yote iwekwe katika katoni nyeupe, yote iende Zambia. Azimio lilikuwa lipitishwe Jumatatu. Mimi ndiye niliyelichapa mapema, ili wazee waje kutia sahihi tu.

Katika atelye ya ndani walifanya kazi wanawake zaidi ya arobaini, wafungaji wa katoni za kahawia. Mishahara yao ilikuwa inalipwa nusu kwa zaire na nusu kwa sabuni, na nusu ya sabuni ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Mmoja wao alikuwa Mama Mukuka, mama yangu mzazi. Nilichapa azimio la kumwachisha kazi mama yangu kwa nakala tatu, na nilipofika nyumbani sikumwambia. Nilikula bukari yake tu. Ningefanya nini? Mstari ulikuwa umenyooka.

Ijumaa ya wiki hiyo Mama Wivine alikwenda kilio huko Kamalondo. Alikuwa amefariki mjomba wa Alphonse, na mpokeaji wa michango alikuwa dada wa marehemu, Tantine Jeanne, mwanamke ambaye hata kifo chenyewe kilikuwa kinapiga hodi kwake. Siku zile hakuna aliyeleta noti kwenye kilio. Noti uliyoitoa asubuhi, kufika jioni ilikuwa imekuwa tusi kwa wafiwa. Watu walileta vitu: unga, mkaa, na zaidi ya yote, sabuni. Sabuni haiozi, haishuki thamani, na panya hawaipendi sana.

Mama Wivine alileta katoni mbili za kahawia kutoka kwenye posho yake ya sabuni. Tantine Jeanne alizipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, kisha akazisogeza nyuma ya mlango, pamoja na ndoo. Karibu na picha ya marehemu, zimepangwa vizuri, zilikuwa katoni nyeupe za "Qualité Export", nyingi, kila moja na jina la aliyeileta.

Ikumbukwe kwamba wiki iliyotangulia wino wetu wa buluu ulikuwa umekwisha na tukachapa maandishi kwa kijani. Katoni za kijani zilitoka kiwandani mara moja tu, kwenye lori moja tu la Muhindo, kwenda Ndola. Mama Wivine alikuwa ameziandika mwenyewe katika mahitaji ya Wazambia. Na sasa zilikuwa mbele yake, Kamalondo, zinamlilia mjomba.

Aliuliza, kwa sauti ya chini kwa heshima ya msiba, kwa nini katoni zake zimewekwa nyuma ya mlango. Tantine Jeanne akagusa ya kahawia, kisha akaonyesha nyeupe, akamweleza kwa upole: «Hii banatengenezaka juu yetu siye. Ile banatengenezaka juu ya Bazambia.» Mama Wivine akasema ni sabuni moja, inapikwa katika pipa moja, yeye anafanya kazi hapo, ameliona pipa kwa macho yake. Waombolezaji walio karibu wakageuka kumtazama. Tantine Jeanne akamshika mkono, akamhurumia kwa dhati kuliko alivyomhurumia mjane, na kumwambia maneno ambayo tunayarudia kiwandani mpaka leo: «Wivine, mutoto yangu, kule ku kazi banakudanganya.»

Naye alikuwa anasema kweli, ila aliyekuwa anadanganya ni mstari.

Jumamosi asubuhi Mama Wivine alimtafuta Muhindo kwenye ghala lake. Muhindo hakuficha chochote, kwa sababu hakujua kama kuna cha kuficha. Alisema mwanzoni alijaribu kweli kuuza Ndola. Watu wa huko walimpokea vizuri, wakainusa sabuni, wakamuuliza kama ni ya kusugulia sakafu. Wao walikuwa na yao, yenye harufu ya maua. Kumbe njiani kurudi, watu wa Kamalondo waliziona zile katoni nyeupe chini ya magunia ya unga wakazigombania. Tangu siku hiyo sabuni yetu ilikwenda ng'ambo kusalimia tu. Ilivuka, ikapigwa muhuri, ikageuza, ikarudi nyumbani na unga. Namna ilivyopita wakati wa kurudi ni habari ya Muhindo, na kamati haikuniomba niiandike. Yeye alishangaa jambo moja tu: «Mama, miye nilizania munajua. Kamalondo yote inajua.»

Ndivyo ilivyokuwa. Mji mzima ulijua, isipokuwa ofisi iliyolipwa ili ijue. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa sabuni methali hii inakaa vizuri zaidi.

Mama Wivine alikaa chini na ile mashine ya kelele, akaanza upya. Sasa aliuelewa mstari wake. Zaire ilipoporomoka, siyo Mzambia aliyenunua zaidi. Ni mtu wa Kamalondo, aliyekimbia na mshahara wake kuugeuza kuwa kitu kabla haujayeyuka, na kitu alichokiamini kilikuwa katoni nyeupe iliyovuka mpaka. Namba zilikuwa sahihi zote, ila wateja walikuwa watu wengine.

Na hapo akaona jambo baya zaidi. Katoni nyeupe ilipendwa kwa sababu kulikuwa na katoni ya kahawia ya kudharau. Ukiifunga atelye ya ndani na kuweka sabuni yote katika nyeupe, Kamalondo itajiuliza: sasa hii ni bora kuliko ipi? Hawatainunua, na Ndola haijawahi kuinunua. Kiwanda kingebaki na ghala la sabuni nyeupe na wateja sifuri, na wanawake arobaini wangekuwa wameshakwenda nyumbani. Wangefuatiwa na sisi wote, lakini wao wangetangulia.

Akajua pia kilichobaki. Kama hakuna mauzo ya nje, hakuna haja ya Idara ya Mauzo ya Nje, wala mkuu wake, wala nyumba yenye bomba. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu. Kila mtu nchini alikuwa amekosea kitu mwaka ule. Jumapili baada ya misa alimwambia Alphonse. Alphonse akauliza kama wanaweza kusubiri mpaka lengalenga ivunwe.

Jumatatu Mama Wivine alisimama mbele ya baraza, na mimi nikiwa pembeni naandika kumbukumbu za kikao. Alisema utabiri wake wote wa miaka miwili ulikuwa sahihi na haukuwa na maana. Alieleza kilio, Muhindo, wino wa kijani. Bwana Rigobert hakuamini. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyesafiri, kwamba ubora wa sabuni ya export unajulikana, na mtu yeyote aliyewahi kuitumia anautambua.

Mama Wivine akamwomba aeleze aliitumia wapi, ikiwa ni marufuku kuuzwa nchini.

Kisha, kwa heshima zote, akaomba dereva Anaclet atumwe nyumbani kwa kila mjumbe wa baraza, achukue sabuni iliyoko bafuni, arudi nayo. Mkurugenzi alikubali, nadhani kwa sababu hakuwahi kuoga bafuni mwake kwa macho wazi. Anaclet alirudi na kapu. Vipande vyote vilikuwa vimebebwa pamoja na katoni zao, na katoni zote zilikuwa nyeupe. Mbili zilikuwa za kijani. Moja ya hizo mbili ilitoka kwa Mama Graciella, mke wa mkurugenzi, ambaye alikuwa amemwagiza Anaclet amnunulie nyingine kule kule Kamalondo, kwa bei ya jana. Baraza zima la kiwanda lilikuwa linanunua sabuni yake lenyewe ikitoka safarini.

Katika kumbukumbu za kikao niliandika: "Baraza lilitafakari." Azimio la kufunga atelye halikupitishwa. Nilichana nakala zote tatu mwenyewe, bila kuagizwa.

Bwana Rigobert alikuwa mtu wa haki, nami namsifu kwa hilo. Mama Wivine alipewa barua ya kumpongeza kwa kukiokoa kiwanda, na barua ya kumtaka ahame nyumba ya kampuni kabla ya mwisho wa Oktoba. Zilichapwa siku moja. Najua kwa sababu nilizichapa mimi, na karatasi ya kaboni ilikuwa ile ile.

Baraza likaamua basi tuseme ukweli: sabuni nyeupe ilipiwe kodi yake kama ya ndani, iuzwe moja kwa moja Kamalondo, bila safari. Jamani. Haikununuliwa. Watu walisema sabuni ambayo haijafika mpakani siyo export, hiyo ni ya kahawia imevaa suti. Nabii hapokelewi kwao. Ikabidi Muhindo aendelee kuibeba mpaka Kasumbalesa na kuirudisha, kodi imelipwa, karatasi zimenyooka, sabuni imetembea. Biashara hiyo ilitulisha mpaka fedha mpya ilipotoka, ile ambayo milioni tatu za zamani ziligeuka kuwa moja, na hata baadaye.

Sasa nisimulie siku ya kuhama. Mama Wivine alikuwa amepata chumba cha kupanga hapa Naviundu. Gari la kampuni lilikuwa halina mafuta, jambo ambalo halikuwa kulipiza kisasi, lilikuwa halina mafuta tu. Asubuhi ile king'ora cha kiwanda kililia na hakuna mwanamke hata mmoja aliyekaa mezani kwake kwenye atelye ya ndani. Walikuwa nyumbani kwa Mama Wivine. Walibeba vyote kichwani, vitanda, masufuria, viti, na mwisho wa msafara alikuja Alphonse na lengalenga yake kwenye beseni. Mama yangu alibeba godoro. Mama Wivine alitembea katikati yao akilia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Katika ripoti ya siku hiyo Bwana Rigobert aliandika kwamba uzalishaji ulisimama kwa hitilafu ya umeme. Umeme ulikuwepo. Namwombea Mungu ampumzishe pema kwa uongo ule.

Wanawake wale walikuwa na likelemba yao. Kwingine wanaiita upatu: kila mwezi kila mmoja anatoa, na mmoja anachukua vyote. Kwa kuwa zaire ilikuwa haiwezi kungojwa mwezi mzima, likelemba yao ilikuwa ya sabuni, kutoka kwenye ile posho ya kahawia. Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa ameipangia zamu hiyo ada ya shule ya mdogo wangu wa kike, na nyumba nzima ilijua hivyo.

Mama yangu akaitoa zamu yake kwa Mama Wivine, ambaye hakuwa hata mwanachama. Nilimuuliza kwa nini, nami nilikuwa na hasira kidogo, nakiri. Akanijibu akiendelea kupepeta unga: «Bila kazi, zamu ingetoka wapi?» Na aliyefuata naye akaitoa, na aliyemfuata yeye.

Mama Wivine alikataa, bila shaka. Alikataa kwa maneno mazuri, mlangoni, akiwashukuru wote. Wanawake wakasema wamesikia, wakaziacha katoni pale nje, wakaenda zao. Ilikuwa Novemba na mawingu yalikuwa yameshajaa. Sabuni haisubiri mvua. Ikabidi aziingize ndani yeye na Alphonse, mbio, na kitu ukishakiingiza ndani mwenyewe ni chako. Muhindo alizichukua zile katoni, sikuuliza alizipitisha wapi, akarudi kutoka ng'ambo na mabati, mengi kuliko sabuni ilivyostahili. Alisema bei imebadilika. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, Muhindo Jérémie alikosea hesabu kwa faida ya mtu mwingine. Matofali aliyafyatua Alphonse, kwenye kiwanja walichopata karibu na mto, wakati wa likizo ndefu ambayo serikali ilikuwa imewapa walimu bila kuitangaza.

Idara yake haikurudi, wala cheo. Mama Wivine alirudi kwenye meza ya kawaida, akakadiria. Zaire ikaondoka, faranga ikaja, vita vikapita, akakadiria. Miaka mingi baadaye Wazambia walianza kuinunua sabuni yetu kweli, na mchumi mpya alipoleta mstari wenye kupaa vizuri, Mama Wivine aliomba safari. Safari hii posho ilitosha. Alivuka Kasumbalesa, akafika Chililabombwe, akaingia mtaani mpaka akamkuta mama mmoja anafua sare za shule na sabuni yetu. Akaomba ruhusa ya kuketi kumtazama. Yule mama alimwona kama mwehu, lakini alimpa kigoda. Mama Wivine alirudi akaandika katika ripoti kwamba mteja mmoja wa nje amethibitishwa. Bi Syntiche, mchumi mwenzake anayemrithi kuanzia kesho, ameitundika ripoti hiyo ukutani, na kila mwaka anatuma mtu mpakani kabla ya kuandika namba hata moja.

Atelye ya ndani bado ipo. Mama yangu aliifanyia kazi mpaka miguu ilipokataa, na mdogo wangu alisoma, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Leo ni muuguzi. Mama alifariki mwaka 2016, na aliyeketi na mkono wangu mkononi mwake tangu mwanzo wa kilio hadi mazishi ni Mama Wivine.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wa SANAVI, na kwa niaba ya wanawake wa atelye, walio hai na waliotangulia, asante. Asante kwa kusimama Jumatatu ile. Tunakutakia wewe na Papa Alphonse siku nyingi, magoti yasiyolalamika, na wajukuu wanaosikia. Kesho asubuhi hutasikia king'ora, au utakisikia ukigeukie upande wa pili. Lala, Mama. Nyumba hiyo ni yako, na hakuna atakayekuja kudai funguo.